Gari Linagonga? Usikimbilie Kufungua Injini. Iulize Maswali Kwanza



Leo sina somo la picha wala la kapsheni. Leo ni somo la gari. Najua wengi wenu hamna gari, mnatuma mizigo kwa bodaboda na mabasi. Someni tu. Siku ukinunua kenta yako ya kwanza, na kwa pesa zetu hizi itakuwa ya zamani, hili somo litakuokolea hela. Na hata usiponunua, mwishoni kuna kitu chako.

Kwa msionijua, nauza vitunguu vya Mang'ola kwa mtandao. Napokea oda WhatsApp, mteja analipa nusu, nashuka bonde la Ziwa Eyasi kuchukua mzigo, napandisha Karatu, halafu mzigo unaenda Arusha. Kutoka hapo kila gunia linakwenda kwa mwenyewe.

Sasa ilikuwa Jumatatu. Gunia 42 juu ya gari, wateja 11, nusu ya hela zao ninayo na nimeshailipa kwa mkulima. Tunapandisha kutoka Mang'ola. Bonde la Eyasi liko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na Karatu iko kama 1,500, kwa hiyo ni kupanda tu, vumbi na mzigo. Katikati ya mlima injini ikaanza: ko-ko-ko-ko. Mlio mgumu, kama mtu yuko ndani ana nyundo.

Dereva wangu akapunguza mwendo, mlio ukapungua. Akakanyaga mafuta, ukarudi. Tukafika Karatu taratibu, mimi nimenyamaza, yeye amenyamaza.

KOSA LANGU LA KWANZA: NILINUNUA KABLA SIJAJUA

Shemeji yangu akaja, akasikiliza dakika moja. "Shem, hizo ni mauntini, injini inacheza." Nikanunua mauntini mbili, 130,000. Ufundi 20,000. Mlio uko palepale. Akasema basi ni mkanda wa feni. Nikanunua, 25,000. Mlio uko palepale.

Hapo 175,000 imekwenda na sijui kitu zaidi ya nilichokijua asubuhi.

Jumanne asubuhi nikaenda kwa fundi mwingine. Huyo hata boneti hakufungua vizuri. "Dada, hiyo ni beringi ya konrodi. Tufungue injini yote, ovahoo, milioni mbili na laki nane, wiki mbili." Miguu iliniisha nguvu. Milioni mbili na laki nane ndiyo mtaji wangu wote.

Na wakati huo simu inaita. Wateja wanauliza mzigo. Na mimi tangu Jumatatu nilikuwa nawajibu lile neno letu tunalolijua wote: "Mzigo uko njiani." Uko njiani wapi? Uko uani kwangu, umefunikwa turubai. Nitalirudia hili.

KWA NINI SIKUSEMA TU "TWENDE, TUTAFIKA"

Kuna mtu alinishauri niende hivyohivyo hadi Arusha, nitengeneze huko. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa watu hufa.

Kutoka Karatu kwenda Arusha unashuka ule mteremko mrefu wa Mto wa Mbu, ukuta wa Bonde la Ufa. Kwenye magari mengi ya zamani ya dizeli, breki zinasaidiwa na pampu ya upepo inayozungushwa na injini. Injini ikizima mteremkoni, breki zinakuwa nzito ghafla: unakanyaga mara moja, mara mbili, halafu unakanyaga jiwe. Sasa weka gunia 42 nyuma yako na kona mbele yako. Mlio usioujua hauteremki nao Mto wa Mbu. Gari likabaki.

MZEE NA MASWALI YAKE MATANO

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja hapa Karatu. Miaka mingi alitengeneza magari ya watalii yanayoshuka kreta ya Ngorongoro. Kreta ile ina kina cha kama mita 600, na gari linalopandisha kutoka chini kule, kwa gia ya kwanza, linatoa siri zake zote. Mzee huyu masikio yake yalisomea huko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Usiwashe kwanza. Niambie."

Hakushika spana. Aliuliza. Haya ndiyo maswali, yaandike:

1. Mlio upo gari likiwa limesimama, au hadi litembee? Ukiwa upo limesimama na injini inaunguruma, basi achana na matairi, achana na propela shafti. Tafuta kwenye injini na vinavyozunguka nayo. Wetu ulikuwepo limesimama, mdogo. Ukikanyaga mafuta unakua.

2. Ukikanyaga klachi, unabadilika? Ukibadilika, angalia beringi ya klachi au giaboksi kabla ya kugusa injini. Wetu haukubadilika.

3. Unasikika injini ikiwa ya baridi, ikiwa ya moto, au wakati wote? Mlio wa asubuhi unaoisha injini ikipata moto mara nyingi ni ekzosi inayovujisha pale kwenye gasketi: chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba. Ukiangalia unaona masizi meusi pembeni. Mlio unaoanza injini ikishapata moto, na taa ya oili inawaka, huo ni mbaya. Wetu ulikuwepo wakati wote.

4. Mzigo unauongeza? Wetu, sana.

5. Nini kilibadilika kabla mlio haujaanza?

Hapo mimi nikasema hakuna kilichobadilika. Mzee hakuniangalia mimi. Alimwangalia dereva. "Kijana wangu, hakuna mtu atakayekufukuza hapa. Nini kilibadilika?"

Kijana akaangalia chini. Akasema Jumapili jioni dizeli ilikuwa imebaki kidogo, akanunua lita ishirini za kwenye dumu, pembeni ya barabara. Hakuniambia kwa sababu nilishawahi kumkaripia kuhusu madumu.

Siku mbili nzima jibu lilikuwa limekaa kiti cha pembeni yangu. Sikuuliza. Nilikuwa nafoka, na anayefokewa huficha.

VIPIMO VYA BURE KABLA YA VIPIMO VYA HELA

Mzee bado hakusema ni nini. Alisema, "Dumu ni mshukiwa, siyo mfungwa. Tupime." Akaenda kwa mpangilio, kuanzia kisicho na gharama.

Kwanza, kijiti cha oili. Kiwango kilikuwa sawa. Taa ya oili inawaka ufunguo ukifunguliwa na inazima injini ikiwaka, kama inavyotakiwa. Kumbuka: taa nyekundu ya oili ikiwaka unaendesha, zima injini hapohapo. Usiseme nifike pale kwenye mti.

Pili, akafungua mkanda, akawasha injini ya baridi kwa muda mfupi sana, akazima. Bila mkanda, feni, pampu ya maji na oltaneta havizunguki. Mlio ukiisha, tatizo ni kimojawapo cha hivyo. Wetu haukuisha. (Yaani ule mkanda wa 25,000 ungejulikana hauhusiki kwa dakika tano za bure.) Hiki kipimo usikiendeleze, maji hayazunguki na injini itapata moto.

Tatu, akachukua bisibisi ndefu. Ncha kwenye injini, mpini kwenye sikio. Akasogeza silinda moja hadi nyingine, mbali na feni na mkanda. Mlio ulikuwa mkali zaidi eneo la silinda ya pili, na juu, siyo chini kwenye sampu. Beringi za konrodi ziko chini. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba huenda yule wa ovahoo amekosea.

Nne, akamwaga oili, akatoa filta, akaikata kwa msumeno wa chuma na kukunjua karatasi yake juani. Beringi ikiliwa, vumbi la chuma hukaa kwenye filta, unaliona linametameta. Ya kwetu ilikuwa nyeusi, chafu, lakini haimeti. Kipimo hiki kilinigharimu filta mpya na oili, 95,000, na ndicho kilichonirudishia usingizi.

KIPIMO CHA KUHAMISHA: HAPA NDIPO PENYE SOMO

Sasa akatafuta silinda. Injini yetu ni ya silinda nne, pampu ya kizamani, haina kompyuta. Injini ikiunguruma taratibu, akalegeza nati ya bomba la nozeli moja, ili silinda ile isipate dizeli, akasikiliza, akakaza. Akaenda inayofuata. Ya kwanza: injini ilitetemeka, mlio ukabaki. Ya pili: mlio ukafa. Kimya. Akakaza, ukarudi. Ya tatu na ya nne: mlio ukabaki.

TAHADHARI: usijaribu hiki mwenyewe. Dizeli inayotoka pale ina nguvu ya kupenya ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo. Mzee alivaa miwani na glovu, na aliweka kitambaa. Na kwenye injini mpya za mfumo wa kompyuta hakifanywi kabisa, presha yake ni kubwa mno.

Mimi nikaruka: "Basi ni nozeli ya pili!"

Mzee akacheka. "Mama una haraka kama yule wa ovahoo. Ukiikatia silinda dizeli, hata beringi mbovu ya silinda hiyo itapunguza kelele, kwa sababu hakuna tena mlipuko wa kuisukuma. Sasa hivi tunajua ni silinda ya pili. Hatujui kama ni nozeli au ni chuma."

Unatofautishaje bila kufungua injini? Alichofanya sijakisahau. Alitoa nozeli ya silinda ya pili na ya tatu, akazibadilishana. Ya pili akaiweka kwenye ya tatu, ya tatu akaiweka kwenye ya pili. Washa mpya za shaba, akatoa hewa kwenye mabomba, akawasha.

Akarudia kulegeza nati. Sasa mlio ulikufa kwenye silinda ya TATU.

Umehama na nozeli. Ingekuwa ni beringi au pistoni, mlio ungebaki silinda ya pili, kwa sababu beringi haikuhama. Kesi imekwisha, na hatujanunua nozeli hata moja.

ILIKUWA NINI HASA

Nozeli nzima inatoa dizeli kama ukungu, kwa wakati wake, na ukungu ule unaungua vizuri. Nozeli iliyochafuka au iliyoliwa ncha inadondosha matone, au inafungua kabla ya wakati. Dizeli inajikusanya, halafu inaungua kwa mpigo mmoja. Huo mpigo ndio ile nyundo. Ukiiacha muda mrefu inaweza kutoboa pistoni, na hapo ndipo ile ovahoo inakuwa ya kweli.

Mzee alipofungua filta ya dizeli, chini kulikuwa na maji na tope jekundu. Nozeli zote nne tukazituma Arusha kwa basi la Jumatano asubuhi zikapimwe kwenye mashine. Mbili zilihitaji ncha mpya. Zikarudi kwa basi la jioni.

Hesabu yake ni hii:
Oili na filta ya oili: 95,000
Filta ya dizeli: 15,000
Kupima nozeli na ncha mbili: 90,000
Ufundi wa mzee: 50,000
Jumla: 250,000

Ongeza zile 175,000 za kubahatisha. Bado ni 425,000. Ovahoo ilikuwa 2,800,000, na mlio ungerudi, kwa sababu zile nozeli zingefungwa palepale.

Alhamisi tukalijaribu. Mzee alisema gari linalogonga mlimani lijaribiwe mlimani, siyo uani. Tulikuwa na oda ya kabichi na karoti ya kambi moja iliyoko ukingoni mwa kreta. Tukapakia, tukapita lango la Lodoare, tukaanza kupanda. Ule ukingo unapita mita 2,200, hewa ni nyepesi, ukungu umefunga, gia ya pili. Moshi kidogo mweusi, hiyo ni kawaida ya dizeli ya zamani huko juu. Mlio hakuna. Dereva akanitazama, akacheka mwenyewe.

SASA ILE "MZIGO UKO NJIANI"

Nilisema nitarudia. Jumanne jioni, baada ya kumsikia kijana akikiri habari za dumu, nilikaa na simu yangu nikaona aibu. Yeye alinificha kwa kuogopa kufokewa. Mimi nilikuwa nawaficha wateja 11 kwa kuogopa hilohilo.

Nikawaandikia wote ujumbe mmoja: "Samahani. Gari limeharibika tangu jana Karatu. Niliposema mzigo uko njiani haikuwa kweli. Vitunguu viko salama, vimetandazwa penye hewa. Kesho navipakia kwenye gari la kukodi. Anayetaka hela yake nairudisha leo."

Jumatano nikapata lori linalorudi Arusha tupu, 4,000 kwa gunia, 168,000 kutoka mfukoni kwangu. Wateja kumi walisubiri. Mmoja aliondoka, mama anayeuza sokoni Kilombero, Arusha. Jumatatu ile aliamini maneno yangu, akamweka kijana wake stendi hadi saa nne usiku kusubiri mzigo ambao haukuwa umeondoka. Nilimrudishia hela yake yote. Hakunitukana. Aliandika tu, "Ungeniambia." Hajarudi hadi leo. Gari limepona, yule mteja hajapona.

CHUKUA HIVI UENDE NAVYO

1. Usinunue kipuri ili kujaribu. Jaribu ili ujue kipuri gani ununue.

2. Rekodi mlio kwa simu: injini ya baridi, ya moto, imesimama, inapanda. Mlio una tabia ya kunyamaza ukifika gereji. Andika pembeni ulisikika lini na wapi.

3. Anza na vipimo vya bure, malizia na vya hela.

4. Badilisha kitu kimoja, halafu pima. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hata ukipona hujui umeponywa na nini.

5. Fundi akitaja ovahoo, muulize kwa upole: "Umejuaje?" Mwenye kipimo atakuonyesha. Asiye nacho atakasirika.

6. Muulize aliyekuwepo, bila kufoka: nini kilibadilika?

Na kile kipimo cha kuhamisha, kipeleke dukani kwako. Mimi nilikuwa na pakiti ya kilo tano haiuziki, ya kilo kumi inauzika. Zamani ningeshusha bei, ningebadili picha, na ningelipia tangazo, vyote siku moja. Safari hii nilibadilishana picha tu: ya kilo kumi nikaipa kilo tano, ya kilo tano nikaipa kilo kumi. Wiki nzima sikugusa kingine. Kilo kumi ikaendelea kuuzika na picha "mbaya", kilo tano ikaendelea kulala na picha "nzuri". Tatizo halikuhama na picha. Nikawauliza wateja watatu, wakaniambia nauli ya kilo tano inakaribia bei ya vitunguu vyenyewe. Sasa hivi kilo tano nauza kwa wa Karatu tu, na inakwenda.

Dereva bado ninaye. Tuna daftari ndani ya gari: lita ngapi, zimenunuliwa wapi, mlio gani umesikika. Anaandika mwenyewe, na mimi nikisoma sifoki.

Kazi njema, na ukiwa na mwenzako mwenye gari la zamani, mpe hii asome kabla hajafungua injini.